Mashua ya Chumvi

Katika nyumba yetu hakuna aliyesema kwamba baba wa babu yetu alikufa. Tulisema hajafika. Nilipokuwa mdogo nilidhani amechelewa tu, kama watu wanavyochelewa sokoni, na kila nilipoona mwanamume nisiyemjua akipita njia ya ziwani nilikimbia kumwambia Dani, nyanya yetu aliyemzaa baba. Dani hakunicheka. Aliinuka, akafuta mikono kwenye leso, akatazama kwa makini. "Siye," alisema, akarudi kwenye mtama wake. Alikuwa ameolewa na mtoto wa mtu huyo, na mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya baba yake alipoondoka. Dani hakuwahi kumwona hata siku moja. Lakini kila aliyepita, alijua kwamba siye.

Aliondoka na mashua ya chumvi, wakati wa vita vya Mjerumani, vile vya kwanza. Dani aliisimulia mashua hiyo kana kwamba aliwahi kuifagia. Ilikuwa kubwa, ya mlingoti mmoja, na tanga lake lilitiwa viraka mpaka rangi ya kwanza ikasahaulika. Mwenyewe alikuwa Mhindi mwenye ghala karibu na gati la Kisumu. Nahodha alitoka pwani, akaja na reli, akakuta maji yasiyo na chumvi na akayazoea. Wengine wote walikuwa vijana wa huku kwetu. Waliteremka kusini na magunia ya chumvi, majembe na vitambaa, wakarudi na simsim, ngozi na samli. Walijulikana katika kila bandari ndogo kwa kelele zao, kwa sababu walianza kuimba kabla hawajaonekana.

Vita vilipokuja, ziwa lilikatwa. Kusini kulikuwa kwa Mjerumani, huku kulikuwa kwa Mwingereza, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuuonyesha mpaka juu ya maji. Meli za moshi zilifungwa mizinga. Mashua za matanga hazikufungwa kitu, zikaendelea na kazi, maana watu waliendelea kula. Nahodha aliulizwa kama haogopi. "Vita hivi ni vya meli za moshi," alisema. "Sisi tumebeba chumvi. Nani atapiga chumvi kwa mzinga?" Maneno hayo yamefika kwangu kupitia vinywa vingi, na kila kinywa kilicheka kidogo kabla ya kuyasema.

Mwanamke aliyekuwa akiloweka muhogo ufuoni kwetu aliliona tanga likizunguka rasi. Alishangaa kwamba hawakuwa wakiimba. Huyo ndiye mtu wa mwisho aliyeiona.

Zilirudi hadithi tatu, mashua haikurudi. Moja ilisema Mjerumani alidhani kuna risasi chini ya magunia, akaizamisha. Nyingine ilisema askari waliichukua kwa nguvu, wakaijaza vyuma mpaka ikashindwa kuelea. Ya tatu ilisema ilikuwa dhoruba tu, na vita vilisingiziwa. Dani hakuipenda hii ya mwisho, kwa sababu dhoruba, alisema, hurudisha angalau ubao mmoja. Askari waliokufa katika vita vile waliandikwa majina kwenye mawe. Watu wa mashua ya chumvi hawakuwa askari. Hawakufa kwa ajili ya mfalme yeyote. Walikufa wakiwa kazini, na kazi haina jiwe.

Sisi Wajaluo, mtu wetu akipotelea majini na mwili usipatikane, tunazika tunda la yago mahali pake. Ni tunda refu na zito, umbo lake kama mkono wa mtu mzima, na huning'inia mtini kwa ugwe mrefu. Linavishwa nguo, linaliliwa, linalazwa kaburini, na mtu anahesabiwa kuwa amefika. Mvua mbili zilipopita, mashemeji walimletea mke wa baharia tunda lake. Alilipokea vizuri. Kisha akalibeba hadi ufuoni mbele ya watu wote, akalisukuma majini.

"Kama ni yeye," alisema, "anajua njia."

Asubuhi tunda lilikuwa limelala mchangani, pale pale wanawake walipochota maji. Akalisukuma tena. Likarudi tena. Safari hii wanawake walihamia mahali pengine pa kuchota, na hakuna shemeji aliyethubutu kuligusa lile wala kuleta lingine. Mama yule akazeeka bila kuwa mke na bila kuwa mjane. Alipozikwa, ubavuni mwake pakaachwa nafasi ya mtu mmoja, na sisi watoto tulikatazwa kuikanyaga.

Baba yetu alifanya kosa moja. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa akilia asinyamaze. Kwetu mtoto wa namna hiyo hutajiwa majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, na likitajwa linalotakiwa, ananyamaza. Baba aliyataja yote aliyoyajua, mtoto akalia. Kwa kuchoka akataja la mtu wa mashua, na mtoto akanyamaza papo hapo. Jina likabaki. Dani alikasirika kupita nilivyowahi kumwona. Mtu ambaye hajafika, alisema, hana jina la kumpa mtoto, kwa sababu bado analitumia. Hakumwita mtoto kwa jina hilo kamwe. Alimwita "wewe mdogo" mpaka siku yake ya mwisho.

Baba alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea, na mama hakukaa sana kabla ya kumfuata. Mimi nilikuwa kifungua mimba, nipo darasa la saba. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja nilimfunga mtoto mgongoni, nikamshika mdogo wangu wa kike, nikaona sina mkono wa kubebea vitabu.

Nilipokomaa kidogo niliwahamishia Kisumu. Tulipanga chumba mtaa wa Migosi, nikawa nauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Otonglo, na hadi leo nauza. Nilichagua Migosi kwa sababu ukiwa pale huoni maji. Nilimkataza yule mdogo kuogelea, nikamkataza kwenda ufuo wa wavuvi wa Dunga na wenzake, hata mvua ikituama uani nilimwita ndani. Mdogo wangu wa kike alinicheka.

"Dada, watu wengine wanaogopa polisi. Wewe unaogopa ndoo."

"Cheka tu."

"Huyu akioga utamfunga kamba?"

Lakini ukimkataza mtoto wa Kisumu ziwa umemkataza upande mzima wa mji. Alipokuwa kijana aliniletea ngege wawili wabichi, akawaweka mezani bila neno, nami nikajua ameshaanza kazi Dunga. Sikumpigia kelele. Niliwapaa wale samaki, nikawapika, tukala.

Alikuwa na mapafu mazuri. Nyavu ziliponasa chini, ndiye aliyezamia kuzinasua, na boti nyingi zikamjua. Kuna mahali ndani ya ghuba ambapo nyavu hunasa kila mara, na wavuvi wa Dunga hupaita Kwa Mhindi. Wanasema kuna mashua ya zamani chini, ya mali ya duka. Mdogo wangu aliposikia jina hilo alikuja nyumbani macho yamemtoka. Tangu siku hiyo akaanza kuota.

Alinisimulia ndoto zake asubuhi, nikimwekea chai. Aliota anabeba magunia, anayapandisha ngazi ndefu, na kadiri anavyopanda magunia yanakuwa mepesi mgongoni, na mtu fulani juu anamwambia aharakishe. Ziwa letu ni la maji matamu. Lakini aliamka na midomo imekauka, ina weupe pembeni, akanywa kikombe baada ya kikombe kama mtu aliyelamba jiwe la chumvi. Alianza kukonda. Alimwacha msichana aliyekuwa anataka kumwoa. Nilipomuuliza lini atajenga nyumba yake kule nyumbani, kama kijana wa umri wake anavyopaswa, alisema hawezi kujenga na mwenye boma yuko nje.

"Nitamtoa, Dada. Hata mfupa mmoja. Nikishamtoa nitajenga."

"Na ukinasa wewe?"

"Sinasi. Ananijua."

Hilo la kumjua ndilo lililonitia baridi. Nilikuwa nimezika baba na mama nikiwa na sare ya shule. Nilikuwa nimemlea huyu kwa mkono mmoja na ratili ya omena kwa mkono wa pili. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichoogopa kukipoteza, na sasa kulikuwa na mtu chini ya maji aliyemjua kwa jina.

Siku aliyopanga kuzamia, nilifika Dunga kabla yake, nikakaa ndani ya boti. Mwenye boti alikuwa mzee wa maneno mengi. Alisimama akanitazama kama gunia alilosahau kulishusha.

"Mama, hapa hatupandishi wanawake. Samaki wakikuona watahamia Uganda."

"Waende. Sikuja kwa samaki."

"Na injini ikizimika kwa ajili yako?"

"Utapiga kasia, Mzee. Mikono unayo."

Vijana wake walicheka, naye akacheka, tukaondoka. Mdogo wangu hakucheka. Alijifunga kamba kiunoni, nami nikaomba niishike mimi.

Maji ya ghuba ni ya udongo. Chini hakuna macho, kuna mikono tu. Mara ya kwanza alirudi na tope. Mara ya pili alirudi na kipande cha wavu kilichooza. Mara ya tatu kamba ililegea mikononi mwangu, ikatulia. Nilianza kuvuta. Nilivuta bila kusubiri ishara, kwa nguvu zote za kubeba magunia ya omena miaka yote ile, mpaka kichwa chake kikatokea, akashika ubavu wa boti, akakohoa.

"Ni mti," alisema.

"Nini?"

"Mti mkubwa, na mizizi yake. Umevaa nyavu kama bibi harusi."

"Mbili kati ya hizo ni zangu," akasema mwenye boti. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilipaswa kufurahi. Lakini tulipokuwa tunarudi, yeye akiwa amejifunika gunia huku anatetemeka, alitazama maji yaliyokuwa mbele yetu, na ya kulia, na ya kushoto. "Basi iko mahali pengine," alisema. Nikaelewa kwamba mti ule umeniharibia zaidi. Mashua ingekuwa pale, ningejua mahali pa kumkataza. Sasa lilikuwa ziwa lote.

Nilikwenda nyumbani kwa Waya, shangazi yetu, dada wa baba, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki. Nilimweleza kila kitu. Akasema jambo alilopaswa kusema mtu miaka mingi iliyopita: tuzike tunda. Lakini si kuzika tu. Tunda la kwanza lilikataliwa kwa sababu mwenyewe hakuwa ameitwa. Lazima mtu wa nyumbani aende juu ya maji, amwite kwa jina, ashuke, atembee hadi langoni bila kusema na bila kugeuka nyuma.

"Na akishaita?"

"Anayeita ndiye anayefuatwa."

"Mpaka langoni?"

Waya alinitazama. "Mimi sijawahi kuita mtu, binti yangu. Wanasema mpaka langoni. Wengine hawasemi ni mpaka wapi."

Wazee wa ukoo waliamua kwamba aite mdogo wangu. Ndiye mwanamume wa nyumba, na jina ni lake pia. Mimi nilikuwa mkubwa, lakini mkubwa wa kike. Mdogo wangu alipoambiwa alifurahi, akafurahi kama mtu aliyepata kazi ya mbali, akaanza kunyoosha shati lake jeupe. Nilimtazama akilinyoosha.

Mdogo wangu wa kike naye alikuja, na Biblia yake. "Mimi nimeokoka, Waya. Siwezi kushiriki mambo haya."

"Basi pika," Waya akamwambia. "Wokovu haukatazi ugali."

Asubuhi ya kuita, jua lilikuwa limeshapanda. Tulikuwa wanne botini: Waya, mdogo wangu, mimi, na jirani aliyepiga kasia. Gugumaji lilikuwa limetanda karibu na ufuo, tukalipasua polepole, mpaka tukafika mahali maji yalipo wazi, mkabala na rasi ile ambayo tanga lilizunguka likapotea. Jirani aliinua kasia. Mdogo wangu akasimama. Nilimwona anaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa boti, na mwili wake wote unaegemea mbele, kama mtu anayetaka kumsikia vizuri mwenzake. Akavuta pumzi.

Nikaita mimi.

Jina silitaji hapa, kwa sababu sitaki mtu alisome kwa sauti. Waya alikuwa amemfundisha mdogo wangu maneno ya heshima, ya mtoto kumwambia baba wa baba zake, lakini mimi sikufundishwa, na yalinijia yale niliyoyazoea, yale niliyoyapiga kelele uani Migosi kila siku jua likizama. "Wewe! Umecheza vya kutosha! Toka majini, rudi nyumbani, chakula kinapoa!"

Sauti ilikwenda mbali. Waya aliweka kiganja mdomoni. Mdogo wangu alinigeukia, na sikuwahi kumwona na uso ule, si wa hasira, bali wa mtu aliyepokonywa kitu mkononi. Halafu akakaa chini ndani ya boti, akaanza kulia kwa sauti kubwa. Nilitaka kumshika. Waya aliniashiria kwa kidole: kimya, na usigeuke.

Tuliposhuka nilitangulia. Njia ya kutoka ufuoni hadi lango letu inapanda kati ya mashamba ya mtama, na ni nyembamba. Nyuma yangu nilisikia fimbo ya Waya na miguu ya mdogo wangu. Sitasema kwamba nilisikia kingine. Nitasema tu kwamba fimbo na miguu ile havikuwa njiani. Vilisikika majanini, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kana kwamba wamekubaliana kuiacha njia wazi katikati yao. Baadaye niliwauliza kwa nini walitembea hivyo. Kila mmoja alidhani alikuwa njiani.

Tulizika tunda ubavuni mwa mke wake, likiwa limevikwa shuka jipya. Watu walilia. Sijui walimlilia nani. Wengi wana mtu wao ziwani. Mdogo wangu wa kike alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalia kuliko wote, akatuombea, akarudi kusonga. Mdogo wangu alitupa udongo wa kwanza kama mrithi anavyopaswa. Wazee hawakuniambia neno. Mmoja wao tu, alipokuwa anaaga, alinisalimu kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jioni hiyo nilimuuliza Waya mtu huyo alikuwa na umri gani alipoondoka.

"Kijana," alisema. "Baba yangu ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Wanasema hata ndevu zilikuwa hazijajaa."

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Tangu utotoni nilimwona mzee, mwenye mvi za maji, mkali. Kumbe alikuwa mdogo kuliko mvulana niliyemlea. Alikuwa kijana aliyepanda mashua yenye kelele kwa sababu nahodha alisema chumvi haipigwi mzinga, akaamini.

Mdogo wangu haoti tena. Bado anafanya kazi Dunga, lakini anazamia pale nyavu zinaponasa na kurudi, hatafuti kitu. Midomo yake imepona. Amejenga nyumba ya mabati kule nyumbani, na yule msichana ameolewa naye, ana tumbo kubwa. Jina la mtoto wameniachia mimi nichague.

Mimi naendelea na Otonglo. Natoka Migosi alfajiri, na siku nyingine, nikiwa barabarani peke yangu na karai kichwani, nahisi nafasi iliyo nyuma yangu imejaa. Mwanzoni sikugeuka kwa sababu Waya alinikataza. Sasa hata nikiruhusiwa sigeuki. Nimelea wawili, najua: mtoto ukimtazama kila mara kama anakuja, anasimama. Natembea tu, si haraka, kwa mwendo ambao kijana aliyechoka anaweza kuufuata.